Maji Yapozayo Injini ya Mtumbwi

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu katika shule hii twatoka mbali na ziwa. Mimi natoka Nyangoto, wilaya ya Tarime, mahali ambapo watu huzungumza zaidi habari za ng'ombe, mahindi na dhahabu kuliko habari za mitumbwi. Lakini likizo zangu nyingi nimezipitisha Musoma kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi wa injini katika mwalo wa wavuvi. Huko nimejifunza jambo moja ambalo naona lafaa kuelezwa katika gazeti letu, kwanza kwa kuwa lahusu uhai wa watu, na pili kwa kuwa ni somo letu la fizikia likifanya kazi nje ya darasa. Jambo hilo ni jinsi injini ya mtumbwi inavyopozwa kwa maji ya ziwa, na jinsi ya kuitunza njia ya maji hayo.

KWA NINI INJINI IPOZWE

Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto la ule mwako hupita digrii 2,000 za Sentigredi. Pistoni imetengenezwa kwa aluminiamu, nayo aluminiamu huyeyuka kwa digrii 660. Basi mtu aweza kuuliza: mbona injini haiyeyuki siku ya kwanza? Jibu ni kwamba kila mwako hudumu kwa muda mfupi sana, na joto liingialo katika chuma huondolewa upesi kabla halijarundikana. Likiacha kuondolewa, mafuta ya kulainisha hupoteza utelezi wake, pistoni hutanuka, hukwaruza ukuta wa silinda, na mwisho hukwama. Mafundi husema injini "imekamata."

Mwalimu wetu ametufundisha kwamba nishati haipotei bali hubadilika. Katika injini ya petroli, sehemu ya joto la mafuta iwezayo kugeuka nguvu ya kusukuma haizidi sana theluthi moja. Sehemu nyingine kubwa hutoka pamoja na moshi, na nyingine huingia katika chuma. Hii ya mwisho ndiyo kazi ya maji.

Hebu tupige hesabu ndogo. Injini ya nguvu za farasi 15 ni ya kawaida katika mitumbwi ya ziwani. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746, kwa hiyo farasi 15 ni karibu wati 11,200, yaani jouli 11,200 kila sekunde. Tukadirie kwamba joto liingialo katika chuma ni sawa na kiasi hicho. Maji ya ziwa yana joto la digrii 25 hivi. Tuseme yatoke yakiwa na digrii 50. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili ipande kwa digrii moja, hivyo kwa digrii 25 itachukua jouli 105,000. Ukigawanya 11,200 kwa 105,000, wapata kilo 0.107 kila sekunde, ambayo ni karibu lita 6.4 kila dakika. Kwa kadirio letu, ndoo ya lita 20 yapaswa kupita ndani ya injini kila baada ya dakika tatu na kidogo, mchana kutwa, bila kukoma. Mtu akiielewa hesabu hii hatashangaa kuona kwamba injini ikikosa maji kwa dakika chache tu hupata hasara.

MASHINE YA KUSAGA NA MTUMBWI

Wale ambao hawajaona injini ya mtumbwi bila shaka wameona mashine ya kusaga ya dizeli, ile iliyosambaa vijijini kabla ya umeme na ambayo bado hutumika pale umeme usipofika. Kando ya injini yake husimama pipa la maji lenye bomba mbili. Maji yaliyopata joto ndani ya injini huwa mepesi, hupanda kwa bomba la juu na kuingia katika pipa. Maji baridi, ambayo ni mazito zaidi, hushuka kwa bomba la chini na kurudi katika injini. Hakuna pampu. Ni mzunguko wa joto tuliousoma Kidato cha Pili, nao wasaga unga wetu.

Injini ya mtumbwi haina pipa, kwa sababu limezungukwa na pipa kubwa kuliko yote, yaani ziwa lenyewe. Haiyazungushi maji yale yale, bali huvuta maji mapya, huyapitisha mara moja, kisha huyatupa. Njia hii ni rahisi na nyepesi, tena maji hayaishi. Lakini ina dosari moja: chochote kilichomo ziwani chaweza kuingia katika injini. Mwenye mashine ya kusaga huchagua maji ya kutia katika pipa lake. Mwenye mtumbwi hachagui.

Katika meli kubwa za dizeli, desturi ni kuwa na maji ya aina mbili. Maji safi huzunguka ndani ya injini, na maji ya nje huyapoza yale safi kupitia kuta za mabomba membamba, bila kuchanganyika nayo. Hata hivyo maji ya nje bado yahitajiwa, na vichujio vyake havina budi kusafishwa. Hakuna chombo cha majini kilichoepukana kabisa na kazi hii.

SAFARI YA MAJI

Injini hii hupachikwa tezini, na mguu wake huzama majini. Upande wa chini wa mguu, juu kidogo ya rafadha, kuna matundu yenye kichujio. Hapo ndipo maji yanapoingia. Juu yake imo pampu. Ndani ya pampu kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa yanayopindika, nacho huitwa impela. Chakula chake chote ni mzunguko wa mhimili ule ule unaozungusha rafadha. Nyumba ya impela haikuwekwa sawasawa katikati. Upande mmoja ni mpana na upande wa pili ni mwembamba. Mabawa yakifika upande mpana hufunguka na kuvuta maji; yakifika upande mwembamba hubanwa na kuyasukuma juu.

Maji hupanda kwa bomba jembamba mpaka katika nafasi zilizoachwa kuzunguka silinda. Hapo huchukua joto. Katika injini nyingi kuna kilango kiitwacho themostati, ambacho hubaki kimefungwa injini ikiwa baridi na hufunguka joto likifika digrii 50 au 60 hivi. Kisha maji hushuka na kutoka pamoja na moshi chini ya maji. Lakini sehemu ndogo hutolewa kwa kitundu cha pembeni, nayo huonekana kama mchirizi mwembamba urukao nyuma ya mtumbwi.

Mjomba huuita mchirizi huo "shahidi." Kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwake huambiwa maneno haya kwanza: "Injini haisemi, shahidi wake ndiye asemaye. Mtazame yeye."

ADUI WA NJIA HIYO

Adui wa kwanza ni tope na mchanga. Mto Mara, wenye urefu wa karibu kilometa 395, huanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha hupita kusini ya kijiji chetu. Wakati wa mvua maji yake huwa mekundu kwa udongo. Sehemu kubwa ya udongo huo hutuama katika kinamasi cha mafunjo kilicho karibu na mdomo wa mto, lakini si wote. Mtumbwi upitao mahali pa kina kifupi katika Ghuba ya Mara nao huchimbua tope kwa rafadha yake. Mchanga ukiingia katika pampu hukwangua bamba la chuma lililo chini ya impela, na pampu iliyokwanguliwa husukuma maji kidogo hata kama impela ni mpya.

Adui wa pili ni majani, hasa magugu maji. Mmea huu, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, ulionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ulifunika ghuba nyingi. Haukusumbua mitumbwi peke yake. Huko Jinja, Uganda, uliziba vichujio vya maji vya kituo cha umeme cha Owen Falls. Wadudu wadogo jamii ya fukusi, watokao nchi ile ile ya asili ya mmea huo, waliletwa kuula, nao walisaidia sana. Hata hivyo haukuisha, na upepo ukigeuka huweza kuufunga mwalo kwa usiku mmoja.

Adui wa tatu ni mifuko ya plastiki. Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu tarehe 1 Juni, 2019, lakini plastiki haiozi upesi, na iliyotupwa zamani bado ingali majini. Mfuko mmoja ukinata juu ya matundu ya kuingizia maji huyaziba kama kiganja kinavyoziba mdomo.

Adui wa nne hushangaza wengi, naye ni nyigu. Injini ikiwekwa ghalani kwa majuma kadhaa, nyigu hujenga kiota cha udongo ndani ya kitundu cha shahidi. Hapo injini yaweza kuwa na maji ya kutosha, lakini shahidi hanyamazi kwa sababu ya ukame bali kwa sababu amezibwa kinywa.

Mahali pengine pana adui wao. Wenzetu wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja hupambana na chumvi, ambayo hula chuma na kuganda ndani ya njia za maji. Ndiyo sababu kila baada ya safari yafaa waipitishie injini maji baridi yasiyo na chumvi. Huko Uingereza kuna mifereji iliyochimbwa tangu karne ya 18, kama ule wa Bridgewater uliofunguliwa mwaka 1761, na hata leo watu husafiri humo kwa mashua za injini. Adui wao wa majira ya baridi ni barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu sehemu 9 katika 100, nayo huweza kupasua pampu. Basi kabla ya baridi kali hawana budi kuyatoa maji yote. Sisi Mungu ametuepusha na hilo, lakini ametupa nyigu.

MTUMBWI ULIOPOTEZA SHAHIDI

Nitaeleza tukio moja nililolishuhudia mwisho wake mwaloni. Mtumbwi mmoja wa abiria ulikuwa ukitoka kisiwani kwenda Musoma na magunia ya dagaa na wafanya biashara, wengi wao akina mama. Katikati ya safari mwendeshaji aliona mchirizi umekatika. Alidhani ni kile kitundu tu kilichoziba, akaendelea kwa kuwa nchi kavu ilikuwa ikionekana. Baada ya dakika chache injini ilipungua nguvu, harufu ya mpira uliungua ikasikika, kisha ikasimama kabisa. Makasia yalikuwa yameachwa nyumbani ili kupunguza uzito. Upepo wa alasiri ukaanza, nao ukausukuma mtumbwi kurudi kilindini. Watu walikaa humo wakitoa maji kwa makopo mpaka jua lilipokaribia kuzama, ndipo wavuvi waliopita wakawafunga kamba na kuwavuta.

Tulishukuru kwamba hakufa mtu. Mjomba alipoufungua mguu wa injini alikuta kipande cha mfuko wa plastiki kimenata juu ya matundu. Impela ilikuwa imeyeyuka, pistoni zimekwaruzika, na kifuniko cha silinda kimepinda. Laiti injini ingezimwa mara ile ile na mfuko ukaondolewa, hasara ingekuwa dakika tano. Badala yake mwenye mtumbwi alikaa miezi miwili bila kazi, na mwanawe, ambaye ni mwanafunzi kama sisi, alichelewa kurudi shuleni majuma matatu kwa kuwa fedha za nauli na mahitaji yake zilikwenda katika vipuri.

JINSI YA KUTUNZA

Kabla ya safari, inua mguu wa injini na uyatazame matundu ya maji. Toa majani, kamba za nyavu na plastiki. Ushushe mguu hata matundu yawe chini ya maji kabisa. Washa injini na umtafute shahidi. Asipoonekana katika nusu dakika, zima.

Usiwashe injini kamwe ikiwa nchi kavu, hata kwa kujaribu tu. Impela hulainishwa na maji yale yale inayoyasukuma; bila maji, mpira husuguana na chuma na kuungua kwa muda mfupi sana. Fundi akitaka kujaribu injini huuzamisha mguu wake katika pipa lililojaa maji.

Wakati wa safari, mtazame shahidi mara kwa mara kama dereva wa gari anavyotazama saa zake. Akipungua au akikatika, zima injini papo hapo. Tia makasia majini ili kuizuia pua ya mtumbwi isigeuke ubavu kwa mawimbi. Inua mguu, safisha matundu, kisha pitisha waya mwembamba katika kitundu cha shahidi. Washa tena. Mchirizi ukirudi, endelea polepole. Usiporudi, safari ya injini imekwisha. Makasia, tanga au simu ya kuomba msaada vitumike.

Usimwagie maji ya baridi injini iliyopata joto kali. Chuma cha moto kikipozwa ghafula upande mmoja hupinda au hupasuka. Iache ipoe yenyewe.

Impela yenyewe watengenezaji wengi hushauri ikaguliwe kila mwaka, na mtumbwi ufanyao kazi kila siku wahitaji mapema zaidi. Fundi hufungua skrubu za mguu, huushusha, kisha hufungua nyumba ya pampu. Mabawa yaliyopasuka, yaliyokuwa magumu, au yaliyobaki yamepinda hata baada ya kutolewa, hayafai tena. Likikosekana bawa moja, ni lazima litafutwe katika bomba, maana kipande hicho huweza kuziba njia hata baada ya kutia impela mpya. Bamba la chuma litazamwe kama lina mikwaruzo. Impela mpya ipakwe grisi kidogo, itiwe huku mhimili ukizungushwa upande wake wa kawaida, ili mabawa yalale nyuma ya mzunguko. Bomba la maji liingie sawasawa katika tundu lake mguu unaporudishwa.

Mwisho, kuna watu waitoao themostati kwa kuamini kwamba injini itapoa zaidi. Ni kweli itapoa, tena kupita kiasi. Petroli haitawaka vizuri, mafuta yatatumika mengi, na plagi zitajaa masizi. Kama injini yapata joto, tafuta sababu katika njia ya maji. Usimwondoe mlinzi wa mlango.

NENO KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Impela ni kitu kidogo kienezacho katika kiganja, na bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya pistoni na kifuniko cha silinda. Kwa hiyo naona kila mtumbwi wenye injini ungepaswa kuchukua vitu vitano visivyokosekana: impela ya akiba, spana za kufungulia mguu, kipande cha waya, makasia mawili, na makoti ya kuelea ya kuwatosha wote waliomo.

Nanyi wenzangu msiokuwa na mtumbwi, mnasafiri. Baadhi yetu huvuka maji kila mwanzo na mwisho wa muhula. Mkiketi tezini, mtazameni shahidi. Mkiona amenyamaza, mwambieni mwendeshaji kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, hata kama yeye ni mtu mzima nanyi ni vijana. Mtu mzima mwenye busara atazima injini kwanza, kisha atawauliza mmejifunzia wapi.